Sura ya Tano: Reli ya Kubeba Mikononi

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli kutoka mjini Unguja, karibu na Ngome Kongwe, hadi kijiji cha Bububu, mwendo wa maili 7. Picha za enzi hizo zinaonyesha gari moshi likijipenyeza katikati ya nyumba, karibu kabisa na milango ya watu. Abiria waliacha kuipanda mwaka 1922, ikabaki kubeba mawe kwa miaka kadhaa, kisha ikang'olewa. Anayekunywa urojo katika bustani ya Forodhani leo amekaa hatua chache tu kutoka pale treni zilipokuwa zikiondokea, na wengi hawalijui hilo. Kwa maoni yangu hakuna reli ya Afrika Mashariki inayostahili zaidi kuundwa upya kwa kipimo kidogo, na hakuna mahali pa kuionyesha panapoishinda bustani ile.

Upana wa njia ya Bububu ulikuwa futi 3, yaani milimita 914. Kwa kipimo cha 1:76, kinachopendwa sana Uingereza, upana huo unakuwa milimita 12, na reli za mfano za milimita 12 zinatengenezwa viwandani. Hapo una bahati. Lakini maili 7 kwa kipimo hicho ni karibu mita 148! Basi hatujengi njia nzima. Tunachagua mandhari, kwa mfano stesheni ya Ngome, mtaa mmoja mfinyu, minazi ya shamba, na kila mandhari inapata kipande chake kinachojitegemea.

Kabla ya kununua ubao, pima ngazi za nyumba yako. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi zinazopanda wima na kukata kona ghafla, na nje kuna vichochoro ambamo hata mkokoteni wa hamali hupita kwa shida. Kipande cha futi 4 kwa futi 1 na nusu ndicho kikubwa ninachoshauri. Kinatoka bila upotevu mwingi kwenye plaiwudi ya kawaida ya futi 8 kwa 4, na mtu mmoja anaweza kukishika kwa mikono miwili huku akiona anapokanyaga.

Wanaoanza hudhani uimara ni unene, wakachukua plaiwudi ya milimita 18. Uso wa kipande kimoja tu wa ubao huo una uzito wa kilo 5 au 6, kabla hujaweka fremu wala reli. Plaiwudi ya milimita 4 ukiilaza inapinda, ukiisimamisha kwa ubavu inakaza, kwa sababu ukizidisha kimo cha mhimili mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara nane. Kwa hiyo pasua vibanzi vya upana wa sentimita 8, vipange viwili viwili na kati yao gundisha vijiti vidogo vya mbao kila baada ya shubiri moja. Hiyo ndiyo fremu. Juu yake laza povu gumu jeupe, lile linalofungiwa friji na televisheni dukani, unene wa sentimita 5. Kipande kizima hakifiki kilo 3. Tumia gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji tu, kwani gundi ya viatu na rangi ya kupuliza huyeyusha povu hilo likabaki mashimo.

Sasa tufike kwenye kiungo, maana reli ya vipande hufa au hupona hapo. Vibao viwili vya mwisho vinavyokutana vibane pamoja, kisha vitobolewe kwa mpigo mmoja, ili matundu yasipishane hata kidogo. Matundu mawili ni ya vijiti vya shaba vya kuelekezea, na mawili ni ya bolti zenye nati za mabawa, zinazokazwa kwa vidole. Funga vipande. Ukingoni mwa kila kipande, chini ya kila upande wa reli, zamisha skrubu ya shaba kwenye mbao, kichwa chake kikae sawasawa na mgongo wa mataruma. Pitisha reli nzima juu ya kiungo bila kuikata na uilehemu kwenye skrubu hizo kwa risasi. Mwisho kabisa, chukua msumeno mwembamba wa chuma uikate reli palepale vipande vinapokutana. Ncha mbili zilizokuwa reli moja zitarudi kutazamana kila utakapokaza bolti. Ukizilaza reli kila moja kivyake, gurudumu litaruka. Sijaona njia nyingine ya kuaminika kuliko hii.

Unyevu wa masika unavimbisha mbao, hivyo paka plaiwudi rangi pande zote mbili. Ikipakwa upande mmoja, itajikunja. Forodhani kwenyewe adui ni upepo wa baharini. Kipande chepesi juu ya miguu mirefu kinaweza kupinduka, kwa hiyo kila fremu ining'inizie dumu la maji chini, ulimwage ukimaliza. Umeme si tatizo: treni nyingi za mfano zinaendeshwa kwa volti 12, na betri ya pikipiki inatosha.

Kipande cha tatu si lazima ukitengeneze wewe. Wanachama wa FREMO, umoja ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1981, hujenga majumbani mwao, wakakutana ukumbini na kuunganisha kazi zao kuwa njia ndefu moja, kwa sababu wamekubaliana juu ya kibao cha mwisho: kimo, matundu na mahali reli inapopita. Walimu wa Unguja wenye karakana za useremala, nawaomba mlijaribu hili na wanafunzi wenu. Chongeni kiolezo kimoja cha kibao hicho, kila kundi lipewe nakala yake, na mengine yote waachiwe wenyewe waamue.