Udongo Ulio Tumboni mwa Mungu wa Kike

Hebu fikiria umeletewa sanamu ndogo ya bronzi uiangalie. Mwanamke amesimama wima, kifua wazi, sketi ndefu yenye marinda imefungwa kiunoni kwa mkanda wa vito, na kichwani ana taji lililochongoka. Kikaratasi chake kinasema: "Mungu wa kike wa Kihindu, mtindo wa Kikhmer, karne ya 12." Utaamini?

Tuanze na jina lake. Akiwa ameshika matumba ya yungiyungi mikono yote miwili, wengi watasema ni Lakshmi, mke wa Vishnu. Jicho la tatu kwenye paji la uso hutupeleka kwa Uma, mke wa Shiva. Ukiona Buddha mdogo kwenye nywele zake, basi huyo si wa Kihindu, ni Prajnaparamita wa Wabuddha. Mikono ikivunjika, ushahidi mara nyingi huondoka nayo. Ndiyo maana makumbusho mengi huandika tu "mungu wa kike" na kuishia hapo.

Mtego hasa upo kwenye maneno "mtindo wa Kikhmer". Milki ya Wakhmer ilidumu tangu karne ya 9 hadi ya 15. Makao yake makuu, Angkor, yako Kambodia, lakini utawala wake ulifika mbali ndani ya nchi tunayoiita Thailand leo, na miji kama Lopburi na Phimai ilikuwa na sanaa ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo mtindo unakuambia fundi alifuata desturi gani. Haukuambii sanamu ilifukuliwa upande gani wa mpaka, na mpaka wenyewe haukuwepo.

Na umri je? Bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati, na metali hiyo haina tarehe ndani yake. Kutu ya kijani nayo isikubabaishe. Mghushi anaipata kwa kemikali kwa muda mfupi tu.

Basi tuangalie ilivyosubiwa. Fundi alifinyanga kiini cha udongo, akakivika nta, akachonga juu ya nta hiyo kila rinda na kila kito. Akaifunika yote kwa udongo mwingine, akapitisha vijiti vya chuma ili kiini kisihame, kisha akachoma. Nta ikayeyuka na kutoka, bronzi ya moto ikamiminwa mahali pake. Kalibu ikavunjwa. Lakini kile kiini cha ndani mara nyingi kilibaki humo humo, na huo udongo ambao hakuna mnunuzi anayeujali ndio mtafiti anautamani.

Kwanza, madini yake hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine, kwa hiyo unaweza kulinganishwa na udongo wa mahali panaposhukiwa. Pili, kama fundi alichanganya makapi ya mpunga, kaboni iliyoungua humo hupimwa kwa kaboni-14. Tatu, chembe za kwatzi hukusanya nishati ya mnururisho wa asili mwaka baada ya mwaka. Joto la kusubu liliifuta nishati ya zamani, saa ikaanza upya. Maabara ikizipasha moto tena, hutoa mwanga, na wingi wa mwanga huo hutusaidia kukadiria miaka iliyopita.

Hapa kuna kosa rahisi sana kulifanya: kupiga eksirei kwanza. Eksirei ni nzuri, inaonyesha vijiti vya chuma na nyufa zilizofichwa, ila inaongeza mnururisho kwenye kwatzi, na udongo utaonekana mzee kuliko ulivyo. Chukua sampuli kabla. (Waghushi nao wanaijua mbinu hii, ndiyo maana kipimo kimoja peke yake hakitoshi.)

Ila udongo hautaji mwizi. Mwezi Desemba 2023, Metropolitan Museum ya New York ilitangaza kurudisha sanamu za Kikhmer zilizohusishwa na mfanyabiashara Douglas Latchford, aliyeshtakiwa Marekani mwaka 2019 na kufariki 2020 kabla ya kesi kusikilizwa. Sanamu 14 zilikuwa za Kambodia na 2 za Thailand. Ustaarabu mmoja, nchi mbili. Katika madai ya aina hii, barua za wauzaji, picha za zamani na maelezo ya watu waliochimba huwa na uzito mkubwa, kwa sababu mwizi alipong'oa sanamu hekaluni aliharibu na tabaka za ardhi ambazo zingetueleza habari zake.

Mojawapo ya zile mbili za Thailand ni mwanamke wa karne ya 11, urefu takriban sentimita 43, amepiga magoti na kuinua mikono juu ya kichwa. Huyu pengine si mungu, bali anayeabudu. Aliingia New York mwaka 1972. Mei 2024 alipokelewa katika Makumbusho ya Taifa, Bangkok, bado amepiga magoti, mbele ya mungu ambaye hatujui ni yupi.