Yaya amerudi Cherry Tree Lane, na watoto wake wa zamani sasa ni wazazi

Katika Mary Poppins ya mwaka 1964, Michael Banks ni mvulana anayegoma kuweka peni zake mbili benki, kwa kuwa amekusudia kuwanunulia ndege chakula. Katika Mary Poppins Returns, iliyoingia majumba ya sinema Desemba 2018, Michael huyo huyo ni mgane mwenye watoto watatu. Ni mchoraji, lakini mkono haujaenda kinywani kwa uchoraji, hivyo anafanya ukarani wa muda katika benki ile ile aliyoitumikia baba yake. Amekopa, ameshindwa kurejesha, na sasa nyumba namba 17 ya Cherry Tree Lane inataka kumtoka.

Hapo ndipo mwongozaji Rob Marshall alipopatia. Angeweza kutuletea watoto wapya na yaya yule yule, tucheke, twende zetu. Badala yake ameihamisha hadithi kutoka London ya mwaka 1910 hadi London ya miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kuwatazama wale watoto wa zamani wakiwa watu wazima wenye madeni na misiba. Sisi tulioipenda filamu ya kwanza tukiwa wadogo tumekua pamoja nao. Nilipomwona Ben Whishaw, anayeigiza Michael, akipekua makaratasi darini na kuanza kuzungumza na mkewe aliyefariki, nilijua kwamba filamu hii haikutengenezwa kwa ajili ya watoto peke yao.

Emily Blunt, anayeigiza yaya Mary Poppins, amebeba mzigo mzito. Julie Andrews alitwaa Oscar kwa kuigiza Mary Poppins, tena ikiwa filamu yake ya kwanza. Blunt hakumwiga. Mary wake ana maringo zaidi, ana ulimi mkali, hapiti kioo bila kujitazama, na haelezi jambo lolote analolifanya. Anamkaribia zaidi yaya wa vitabu vya P. L. Travers, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1934. Andrews mwenyewe hakutaka kuonekana katika filamu mpya hata kidogo, ili jukwaa libaki la Blunt. Namheshimu sana kwa uamuzi huo.

Nyimbo zina kibarua kigumu zaidi. Zile za zamani zilitungwa na ndugu wawili, Richard na Robert Sherman, na ukizisikia mara moja zinakuganda. Robert alifariki mwaka 2012. Richard alikuwapo kama mshauri, huku kazi ya kutunga ikifanywa na Marc Shaiman na Scott Wittman. Tungo zao zinataka kusikilizwa mara mbili tatu kabla hazijakolea. Lakini “The Place Where Lost Things Go” ilinishika papo hapo. Mary anawaimbia watoto wasiolala kwa kumkumbuka mama yao, anawaimbia taratibu, bila kucheza wala mapambo. Baadaye, baba anapoelemewa na uchungu mbele yao, ni watoto wanaomwimbia yeye wimbo huo. Sijaona sehemu nyingine ya filamu hii inayoifikia hiyo.

Furaha nayo imejaa tele. Bakuli la kauri la marehemu mama linapata ufa, na Mary anawaingiza watoto ndani ya michoro ya bakuli hilo. Dunia hiyo ya katuni, pengwini wakiwemo, imechorwa kwa mkono katika zama ambazo kompyuta imetwaa kila kitu. Wachoraji waliokwisha kustaafu waliitwa warudi kazini. Mavazi ya Sandy Powell yalipakwa rangi ili yaonekane kama yamechorwa pamoja na mandhari. Sehemu ya Meryl Streep na karakana yake iliyopinduka juu chini ndiyo pekee ningeikata. Anachangamka kweli, ila hadithi inamsubiri amalize.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi filamu hii ilivyoikumbuka ile ya kwanza. Kinachoweza kuiokoa nyumba ni hati ya hisa alizoacha baba yake Michael, na familia nzima inaitafuta huku na huko. Kumbe mdogo wa wote, Georgie, alishaitumia kutia kiraka kwenye tiara lile kuukuu la familia! Na hata hati inapopatikana, pesa zinazomaliza deni zinatokana na zile peni mbili za Michael, ambazo mwishowe alimpa baba yake, na benki ikazizungusha miaka yote hiyo hadi zikazaa. Uamuzi wa mtoto wa mwaka 1964 unamfuta machozi baba wa filamu ya 2018.

Anayeleta habari hizo ni mzee Dawes, mwenye benki, akiigizwa na Dick Van Dyke. Mwaka 1964 Van Dyke alikuwa Bert, mfagia dohani, na chini ya ndevu za bandia alikuwa pia Dawes mkubwa, baba wa mzee huyu. Katika hii ya 2018, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, anapanda juu ya meza ya ofisi na kucheza kwa miguu yake mwenyewe. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni, nikarudisha nyuma, nikamtazama tena.