Habari za mpakani zasomwa Chicago, zasubiriwa sokoni Busia

UKIPANDA kilima cha Nakasero kutoka sokoni, ukiacha nyuma wauza nanasi na kelele za makondakta wa teksi, unaingia kwenye mitaa ya miti mikubwa na ofisi zilizo kimya. Huko, katika barabara ya Nakasero Hill, ndiko shirika la utafiti la Infectious Diseases Research Collaboration (IDRC) limekuwa na anwani yake kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba hupita chini ya kilima hicho kila wiki kufuata bidhaa, na wengi wao hawajui kwamba huko juu kuna mafaili yanayohusu nyumba za kwao.

Hata mimi sikujua. Nilikuja kujua nikiwa mbali sana na Kampala.

Mwezi Oktoba 2023 nilikuwa Chicago, Marekani, kwenye mkutano wa mwaka wa American Society of Tropical Medicine and Hygiene, chama cha wataalamu wa magonjwa ya nchi za joto. Mkutano huo hukusanya maelfu ya wanasayansi na huhama mji kila mwaka. Mwaka 2024 ulikuwa New Orleans na mwaka 2025 ukafanyika Toronto, Kanada.

Nilikuwa napita katikati ya mamia ya mabango ya utafiti nilipoona neno Tororo. Bango jingine likasema Busia. Jingine Nagongera. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugeni. Mbele ya mabango hayo walisimama vijana wa Kampala na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakisalimiana kama ndugu waliokutana harusini. Kiluganda, Kiswahili na Kiingereza vilichanganyika. Nikavuta daftari.

Nyumba 100 za Nagongera

Kuanzia mwaka 2011, watafiti hao, wakiongozwa na Profesa Moses Kamya wa Makerere na Profesa Grant Dorsey wa San Francisco, walichagua nyumba 100 Nagongera wilayani Tororo, na nyingine kama hizo Walukuba, Jinja, na Kihihi, Kanungu. Watoto wa nyumba hizo walifuatiliwa mwezi baada ya mwezi, na mbu walinaswa ndani ya vyumba na kuhesabiwa.

Hesabu ya awali inatisha. Mtu wa Nagongera alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kiasi cha mara 310 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Walukuba ilikuwa chini ya mara tatu kwa mwaka mzima. Hizo ni sehemu mbili za Uganda hiyo hiyo, na basi la kwenda mpakani hupita Jinja kabla ya kufika Tororo.

Desemba 2014 kazi ya kupulizia dawa majumbani ilianza Tororo. Mtoto aliyekuwa akiugua malaria karibu mara tatu kwa mwaka, kufikia 2019 alikuwa haugui kabisa au kwa nadra sana. Lakini mwaka 2020 aina ya dawa ya kupulizia ilibadilishwa, na baada ya hapo ugonjwa ukarudi kwa kishindo, huku watafiti wakitaja mabadiliko hayo kuwa miongoni mwa sababu zinazoshukiwa.

Kundi hilo lilianzisha pia utafiti kwenye mpaka wa wilaya za Tororo na Busia. Nyumba za Tororo zilipuliziwa, za Busia hazikupuliziwa. Msomaji unayevuka mpaka kila siku unaelewa maana yake. Wewe husimamishwa uonyeshe karatasi, mbu hasimamishwi na mtu.

Dawa zaanza kuchoka

Jambo jingine lililojadiliwa sana Chicago ni usugu. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ushahidi kutoka Gulu kwamba vimelea vimeanza kuchelewa kufa vinapokutana na artemisinin, dawa ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazomeza. Mwaka 2023 jarida hilo hilo likatoa kazi ya watafiti wa Kampala na San Francisco iliyoonyesha kuwa vimelea vya aina hiyo vinazidi kuenea nchini.

Dawa mseto bado zinaponya wagonjwa walio wengi. Hata hivyo, wewe unayesafirisha mzigo kati ya Gulu, Tororo na Busia, ukimeza vidonge vinne halafu ukamwachia mwenzako vilivyobaki, unavipa vimelea nafasi ya kuishi na kusafiri nawe. Pima kwanza, kisha maliza dozi.

Wanaorejea nyumbani

Hapa najisema mwenyewe. Niliporudi kutoka ughaibuni niliamini kuwa mtoto wa mpakani hawezi kuangushwa na malaria. Homa iliponipanda nilisema ni uchovu wa ndege, nikanunua vidonge vya maumivu dukani. Siku ya tatu nilipelekwa zahanati nikiwa nimeshikiliwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda.

Kinga ya aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa miaka mingi pasipo na ugonjwa huo. Anayetoka London au Dubai kuja kula Krismasi Tororo alale ndani ya chandarua, na homa ikianza apimwe siku hiyo hiyo. Wanawe waliozaliwa huko hawana kinga yoyote.

Mwezi uliofuata baada ya kupona nilikuwa sokoni Busia. Nilimwamkia mama mmoja muuza mukene, nikamsimulia kuhusu mabango ya Chicago. Akaacha kupima samaki.

"Mwanangu, hao watu waliandika habari za Nagongera wakazisoma Amerika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na sisi tusomewe."

Nyumba zilizo ndani ya utafiti huombwa ridhaa na kuelezwa kinachofanyika. Mama huyu hakuwa katika nyumba hizo 100, na wengi wetu tunaopita mpakani hatumo. Lakini mbu tunaowapigania usiku ni wale wale. Bango moja likiandikwa kwa Kiswahili, Kisamia na Kijapadhola na kubandikwa langoni mwa soko, lingesomwa na watu wengi katika siku moja ya gulio.

Siku ile bango halikuwepo, nikafungua daftari langu. Nilipofika kwenye zile mara 310, mama akamwita jirani yake wa meza ya nyanya.

"Njoo usikie habari za Nagongera."

Wakaja watu sita, nikaanza upya.