Tuchague Pedeli Zinazofaa

Wengi wetu hapa Dodoma huja madrasa kwa baiskeli za gia, tukipita njia za mchanga na kokoto. Mguu ukiteleza kwenye pedeli, mtoto hujigonga muundi au huanguka. Basi tunaponunua pedeli tutazame haya:

Kwanza, upana. Pedeli nyembamba huumiza wayo, hasa kwa mvaa ndala, kwa kuwa soli yake ni laini.

Pili, mshiko. Plastiki tupu huteleza ikilowa. Chuma chenye meno hushika vizuri soli ngumu, lakini mguu ukiponyoka meno hayo huchana ngozi. Mwenye ndala zinamfaa zaidi pedeli za mpira.

Tatu, mzunguko. Tuizungushe kwa mkono. Ikikwaruza au kuchezacheza, gololi zake si nzima, tuiache.

Nne, kufunga. Pedeli ya kulia, yenye herufi R, hukazwa kufuata mwendo wa saa. Ya kushoto, yenye L, hukazwa kinyume chake. Tukizichanganya tutaharibu hesi za krenki, na pedeli itachomoka njiani.

Wazazi, tukague pedeli za watoto wetu kabla ya mvua kuanza.