Unga wa Nguvu Kabla ya Mazoezi, au Chakula cha Sokoni?

Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Zanzibar hukusanyika kwa matembezi na bonanza la Taifa, na katika siku za kawaida viwanja vya Maisara na Mnazi Mmoja havikosi watu ifikapo alasiri. Ni jambo la kheri. Pamoja nalo umeingia unga wa makopo unaochanganywa na maji na kunywewa kiasi cha nusu saa kabla ya mazoezi, kwa ahadi ya kuongeza nguvu. Kopo moja hugharimu fedha ambazo zingeweza kununua kikapu kizima cha chakula Darajani, hivyo inafaa mkazi ajue analipia nini.

Msisimko anaouhisi mnywaji ndani ya muda mfupi hutokana kwa sehemu kubwa na kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa inayonywewa barazani. Kafeini hailishi misuli. Huzuia tu ubongo usiutambue uchovu. Nguvu yenyewe hutoka kwenye wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini, na wanga huo ni matunda ya mlo wa saa zilizotangulia, pengine wa jana yake. Mtu aliyeshinda na chai kavu kisha akanywa unga huo anamchapa punda mwenye njaa.

Kipimo nacho si kidogo. Bidhaa nyingi za aina hii huwa na miligramu 150 hadi 300 za kafeini katika kijiko kimoja cha kupimia. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaeleza kwamba mtu mzima mwenye afya hapaswi kuwa na wasiwasi akitumia hadi miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku. Kwa mjamzito, 200 kwa siku nzima. Kafeini hubakia mwilini kwa nusu yake baada ya takriban saa tano. Aliyekunywa miligramu 300 saa 12 jioni, ifikapo saa 5 usiku bado anazo kiasi cha 150, na usingizi unamkimbia. Mwezi wa Ramadhani, kwa wanaofanya mazoezi baada ya tarawehi, hesabu hiyo hufika hadi daku.

Chakula cha kawaida hukidhi haja ya wengi. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu au wali, saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, hutosha kwa kazi ya saa moja. Anayetoka kazini moja kwa moja atafaidika na ndizi mbivu, ambayo ikiwa ya wastani ina karibu gramu 27 za wanga, au tende chache. Dafu hurudisha maji na potasiamu, ila lina chumvi kidogo, kwa hiyo aliyetokwa na jasho jingi ahakikishe anapata chumvi katika mlo unaofuata. Baada ya mazoezi, dagaa, samaki, kunde na choroko hujenga misuli.

Haki itendeke: kriatini, iliyomo katika baadhi ya unga huo, imethibitika kusaidia mazoezi ya nguvu, na kuipata gramu 5 kwa chakula kunahitaji karibu kilo nzima ya nyama au samaki. Lakini hufanya kazi kwa kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, si kwa nusu saa. Mwenye maradhi ya figo asiiguse kabla ya kumwona daktari.

Hatari kubwa zaidi ni kopo lisilotaja kiasi cha kila kitu kilichomo. Mwezi Aprili 2012 mkimbiaji mmoja alifariki katika marathoni ya London, na uchunguzi ukabaini kwamba kichangamshi cha DMAA, kilichokuwamo katika unga wa aina hii, kilichangia kifo hicho. Kichangamshi hicho pia kimepigwa marufuku mashindanoni, na mchezaji akipimwa, huwajibika mwenyewe kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata kama lebo haikukitaja.

Udhibiti wa vyakula na dawa ni jukumu la Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), chini ya Sheria Nambari 2 ya 2006. Mnunuzi aangalie jina na anuani ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na kiasi cha kafeini, na asinunue unga uliogawanywa katika mifuko. Akiwa na shaka, apeleke kopo na risiti ZFDA. Mwenye shinikizo la damu, au asiyewahi kulipima, aanzie kituo cha afya. Moyo ukienda mbio, kifua kikibana au kizunguzungu kikimshika mtu baada ya kunywa unga huo, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na kopo lichukuliwe pia ili daktari aone kilichonywewa.