Safari ya Paipu ya Breki Hadi Tairi za Nyuma

Kutoka milima ya Umatengo hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, gari hushuka zaidi ya mita 800. Kwa gari la kilo 1,000, kimo hicho kina nishati inayotosha kuchemsha lita 25 za maji. Penye miteremko mikali, dereva anayekanyaga breki muda wote huigeuza sehemu kubwa ya nishati hiyo kuwa joto kwenye magurudumu. Ndiyo maana wazoefu wa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay hushuka kwa gia nzito. Fundi anayetaka kuunda gari lake mwenyewe na kulifikisha salama ufukoni huko hana budi kuzifikiria breki mapema kama anavyoifikiria injini.

Hamu ya kuunda gari si ngeni Afrika Mashariki. Kenya ilizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kikaonyesha Kiira EV mwaka 2011, na mchora katuni Masoud Kipanya akalitoa hadharani gari lake la umeme jijini Dar es Salaam mwaka 2022. Watazamaji huangalia bodi na kuulizia injini. Paipu nyembamba inayopita chini kwenda nyuma haiulizwi na mtu.

Kazi yake inatokana na kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa gari lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Hesabu ya mgandamizo huo si ngumu. Mguu ukisukuma pedali kwa uzito wa kilo 30, na pedali ikizidisha nguvu mara tano, pistoni ya masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22 hupata kilo 150. Mgandamizo unaotokea unakaribia mara ishirini ya upepo wa tairi la gari dogo.

Mgandamizo huo wote hupita kwenye paipu ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha nje cha milimita 4.76 tu.

Shaba tupu huwashawishi wengi kwa sababu hukunjika kwa mkono. Lakini mtikisiko huifanya iwe ngumu, na mwishowe hupasuka. Zinazofaa ni paipu za chuma chenye kuta mbili, au za aloi ya shaba na nikeli. Fundi huikata paipu pembe mraba, huondoa makali, huvalisha nati, kisha huukunja mdomo mara mbili kwa kifaa maalumu ili ukae sawasawa kwenye kiungo. Akisahau nati, hukata mdomo na kuanza upya.

Baada ya hapo huchagua njia. Paipu ya nyuma ndiyo ndefu kuliko zote, hivyo hukutana na hatari nyingi zaidi. Hulazwa upande wa ndani wa chesisi, ambako mawe yanayorushwa na tairi hayaifikii, na hubanwa kwa klipu zilizokaribiana ili isitetemeke. Inapopenya kwenye bati, huvalishwa raba. Hukaa mbali na propela, na mbali zaidi na ekzosi, kwa sababu mafuta ya breki yana mipaka yake. Kwa viwango vya DOT 4, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika kirahisi. Pedali huzama hadi sakafuni wakati gari linaendelea kukimbia.

Mwisho wa chesisi kuna mtihani mwingine: bodi imetulia, difu linapanda na kushuka. Paipu ngumu ikiunganishwa moja kwa moja hapo itakatika. Huwekwa mpira wa breki, kisha kiungo chenye umbo la T juu ya difu, na paipu mbili fupi kwenda kila gurudumu. Urefu wa mpira hupimwa mara mbili: kwanza gari likiwa limeinuliwa na tairi zikining'inia, kisha springi zikiwa zimebonyea kabisa. Kote huko mpira usivutike, usijisokote wala usiguse tairi.

Linabaki suala la nguvu. Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele na tairi za nyuma huwa nyepesi. Zikijifunga mapema, gari hugeuka ubavu. Pikapu nyingi zina vali yenye mkono uliounganishwa na difu, inayoongeza nguvu ya breki za nyuma mzigo unapoongezeka. Anayeing'oa vali hiyo kwenye pikapu kuukuu na kuifunga kwenye kigari chepesi anahamisha vipimo vya gari jingine, hivyo lazima airekebishe upya.

Gari likikamilika, upepo hutolewa kwenye mfumo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa kawaida ni la nyuma. Kisha, ili kuona kama kuna panapovuja, msaidizi hukanyaga pedali kwa nguvu zote huku fundi akipitisha kitambaa kikavu kwenye kila nati. Jaribio la kwanza hufanyika uwanjani kwa mwendo mdogo, kisha na mzigo, na viungo vyote hukaguliwa tena kabla gari halijaingia mteremkoni.