Khabari za Chama kwa Simu: Aina za Ujumbe, Gharama Zake na Mipaka Yake

Msimu uliopita tulikosea, na yafaa tulikiri kosa letu kabla ya kueleza dawa yake. Siku moja ya mvua kubwa njia ya gari iliharibika, na kituo cha kununulia karafuu kikahamishwa kwa muda. Karani wetu alipeleka khabari hiyo kwa WhatsApp kutoka simu ya kawaida ya ofisi, nasi tukadhani kazi imekwisha. Asubuhi yake mzee mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, aliteremsha magunia yake matatu mbele ya mlango uliofungwa. Ikambidi akodi gari mara ya pili, na mvua ikazipata karafuu zake njiani. Ujumbe wetu haukumfika, wala hakuwa peke yake.

Tulipochungua tuliona sababu. Katika simu ya kawaida, orodha moja ya kupelekea ujumbe haichukui zaidi ya watu 256. Tena ujumbe huo humfika yule tu aliyeiandika nambari ya mpelekaji katika simu yake. Mzee wetu hakuwa ameiandika nambari ya Chama. Hakuna aliyemwambia kuwa yampasa kufanya hivyo.

Kwa hivyo tunajitayarisha kutumia huduma ya WhatsApp iliyowekwa kwa makampuni na vyama, ambayo ilianza mwaka 2018. Katika huduma hii ujumbe hupelekwa kwa kompyuta, na humfika hata asiyeiandika nambari yetu. Lakini ina masharti yake, ina bei, na ina mipaka. Fedha itakayolipwa ni fedha ya wanachama, basi ni haki yenu kujua itatumikaje.

AINA ZA UJUMBE

Kampuni ya Meta, ambayo ndiyo yenye WhatsApp, imegawa ujumbe wa biashara katika aina nne.

Aina ya kwanza ni ujumbe wa matangazo. Tukiwaambieni kuwa miche ya mikarafuu imefika ghalani, au kuwa majamvi yanauzwa, hilo ni tangazo. Lakini jihadharini: hata salamu za Idi zisizouza kitu huhesabiwa kuwa matangazo. Kila ujumbe wa Chama usioingia katika aina mbili zifuatazo huwekwa humu.

Aina ya pili ni ujumbe wa shughuli. Huu humpa mtu khabari ya jambo lake mwenyewe lililokwisha kuanza. Mfano: karafuu zako zimepimwa, uzito wake ni huu, stakabadhi yako ni nambari hii, na malipo yako yatakuwa tayari siku fulani. Tukiongeza chini yake maneno ya kuwashawishi watu wanunue miche, ujumbe wote hugeuka tangazo, na bei yake hupanda. Kwa hivyo msishangae mkiona barua zetu za uzito ni fupi na kavu.

Aina ya tatu ni ujumbe wa uthibitisho, yaani nambari ya siri anayopelekewa mtu ili ajulikane kuwa ndiye mwenyewe. Chama chetu hakina haja nao kwa sasa. Kwa hivyo, ukiletewa nambari ya namna hiyo kwa jina la Chama, ukaambiwa uisome kwa mtu fulani, usiisome. Huyo ni mwizi.

Ujumbe wa aina hizi tatu hauandikwi ovyo. Kwanza hutungwa kiolezo, ambacho ni kama fomu iliyokwisha kupigwa chapa, ikaachwa nafasi ya jina, uzito na tarehe. Kiolezo hupelekwa kwa Meta, kikakaguliwa, na kikikubaliwa ndipo hutumika.

Aina ya nne ni majibu. Mwanachama akituandikia, mlango hufunguka kwa saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Katika muda huo twaweza kumjibu kwa maneno yoyote, bila kiolezo. Akiandika tena, saa 24 huanza kuhesabiwa upya. Zikipita naye yu kimya, mlango hufungwa, na hatuwezi kumwandikia ila kwa kiolezo.

GHARAMA ZAKE

Tangu mwaka 1 Julai 2025 violezo hulipiwa kimoja kimoja. Kabla ya hapo, tangu 2022, yalilipiwa mazungumzo ya saa 24 kwa jumla. Wako watu ambao bado wanaeleza hesabu ile ya zamani, na hesabu hiyo imekwisha.

Malipo hukatwa kwa ujumbe uliofika, si kwa ujumbe uliopelekwa. Tuseme tumetoa tangazo kwa watu 900, na simu 60 zimezimwa. Tutalipia 840. Zile 60 zikiwashwa baadaye na ujumbe ukafika, nazo zitalipiwa.

Bei hufuata mambo mawili: aina ya ujumbe, na nchi ya nambari ya anayepelekewa. Tangazo huwa ghali kuliko ujumbe wa shughuli. Mwanachama mwenye nambari ya Tanzania ana bei yake, na mwanachama aliyeko kwa watoto wake Oman, mwenye nambari ya huko, ana bei nyingine, ijapokuwa maneno ni yale yale. Tena yako makampuni yanayokaa kati yetu na Meta kutusaidia kazi hii, na kampuni ya namna hiyo yaweza kuongeza ada yake juu. Kabla hatujatia saini tutadai tuonyeshwe bei ya Meta mbali na ada mbali.

Sasa sikilizeni lililo zuri. Majibu ndani ya saa 24 hayalipiwi. Ndivyo ilivyo tangu 1 Novemba 2024. Na tangu Julai 2025, hata kiolezo cha shughuli hakilipiwi kikipelekwa wakati mlango wa mwanachama u wazi. Kiolezo cha tangazo hulipiwa hata mlango ukiwa wazi.

MIPAKA YAKE

Hapa ndipo penye jambo zito. Chama kipya katika huduma hii hakiruhusiwi kuanza kuwaandikia watu zaidi ya 250 katika kila saa 24. Wanaohesabiwa ni watu, si ujumbe: mtu mmoja akiletewa violezo vitatu ni mtu mmoja. Na hawahesabiwi wale ambao milango yao i wazi.

Fanyeni hesabu. Tukiwa na watu 900 wa kupelekewa, na mpaka wetu ni 250, itachukua siku nne kuwamaliza. Tukitaka kuonya juu ya mvua inayokuja, mtu wa siku ya nne atapata onyo letu karafuu zake zimekwisha kurowa juu ya majamvi. Onyo la namna hiyo halimfai mtu kitu.

Ziko njia mbili za kutoka katika dhiki hii. Ya kwanza ni kuthibitisha Chama kwa Meta kwa hati zetu za usajili, na hiyo ni moja katika njia za kupandishwa hadi mpaka utakaotutosha. Juu yake ziko ngazi nyingine, na mwisho isiyo na mpaka. Kupanda ngazi hizo hutazamwa kama mtu ametumia angalau nusu ya mpaka wake katika siku saba, na kama ujumbe wake ni wa sifa njema.

Sifa hiyo hutolewa na ninyi wenyewe. Wapokeaji wengi wakiifunga nambari yetu au wakishitaki kuwa tunawasumbua, alama ya nambari hutoka kijani ikawa manjano, kisha nyekundu. Kiolezo kinachochukiza husimamishwa saa 3 mara ya kwanza, saa 6 mara ya pili, na mara ya tatu huzimwa. Kwa hivyo hatutampelekea ila aliyekubali kwa hiari yake, na asiyetaka tena atatuambia, nasi tutalitoa jina lake siku hiyo hiyo.

LINALOWAPASA WANACHAMA

Njia ya pili i mikononi mwenu, nayo haina gharama ya ujumbe kwa Chama. Wakati wa uchumaji, kila asubuhi, andikeni neno moja tu, KARAFUU, mlipeleke kwenye nambari ya Chama. Neno hilo litafungua mlango wa saa 24. Siku nzima tutaweza kuwapa khabari za kituo, za njia na za mvua, bila malipo ya ujumbe na bila kuhesabiwa katika mpaka. Wanachama 700 wakifanya hivyo, watabaki 200 wa kupelekewa violezo, na hao wanaingia ndani ya 250 hata kabla hatujathibitishwa.

Pili, iandikeni nambari ya Chama katika simu zenu kwa jina la Chama, ili mpate kuitofautisha na ya mdanganyifu. Nambari imebandikwa ukutani ofisini na katika kila kituo.

Tatu, mwenye simu ndogo isiyo na WhatsApp asidhani amesahauliwa. Atapelekewa ujumbe mfupi wa kawaida, na mjumbe wa shehia yake atapigiwa simu. Karatasi ya mlangoni pia itaendelea kubandikwa kama zamani.

Bei na mipaka hubadilishwa na wenyewe mara kwa mara, na itakapobadilika tutawaelezeni katika ukurasa huu. Yule mzee wetu tumekwenda kwake kumwomba radhi. Alituambia kuwa mvua ni ya Mungu, lakini khabari ni kazi yetu. Amesema kweli, na kazi hiyo tumeipokea.